Masika yasituchagulie timu ya UMISSETA

Ikifika Aprili, walimu wa michezo wa sekondari za Bonde la Kilombero wanatazama mbingu kuliko wanavyotazama ratiba. Si kosa lao. Fainali za UMISSETA za taifa kwa kawaida zinachezwa Juni. Hesabu kurudi nyuma: mkoa lazima uwe na timu yake Mei, halmashauri zimalize kabla ya hapo, na shule na kata zihangaike Machi na Aprili. Sasa Machi hadi Mei kule kwetu ni masika, tena masika yenyewe hasa. Uwanja unageuka jaruba, na barabara ya kutoka Ifakara kwenda Mngeta, Chita hadi Mlimba inakuwa ya kuomba Mungu.

Mwaka mmoja nilikuwa kwenye mechi za mchujo. Saa nne asubuhi refa wa netiboli akapuliza filimbi, upande mmoja hakuna mtu. Wapinzani wakapewa pointi za mezani. Saa tisa alasiri likaingia Fuso lililobeba mabinti kumi na mwalimu wao, tope mpaka magotini, jezi wamezifunga kwenye mfuko wa rambo zisilowe. Walilala njiani. Mwalimu aliposikia wameshatolewa hakugomba hata kidogo, akauliza tu wapi watapata chai. Kwenye karatasi ya matokeo iliandikwa "hawakutokea".

Hapo ndipo ninapokasirika. Hawakutokea vipi, na mimi nimewaona?

Tunapenda kusema mkoa umechagua vijana bora. Tuambizane ukweli: mara nyingi umechagua vijana walio karibu na lami. Mlimba hadi Morogoro mjini ni zaidi ya kilomita 300, na mtoto wa kule anahitaji miguu yenye kasi, nauli, na wiki isiyo na mvua. Wenzetu wa Mahenge na Malinyi angalau walijengewa daraja la mita 384 pale Mto Kilombero, wakaachana na adha ya kivuko. Daraja ni jambo kubwa, silibezi, ila halikaushi uwanja.

Wapo watakaosema ni michezo ya watoto tu, wakasome. Tulishaisikia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, michezo shuleni ilipopigwa marufuku, na gharama yake tuliilipa kwenye timu za taifa. Mkoa huuhuu wa Morogoro una Mtibwa Sugar, mabingwa wa Bara 1999 na 2000, klabu iliyomlea Dickson Job kabla hajaenda Yanga. Turiani wana miwa, Kidatu nako kuna miwa. Vipaji navyo vipo, sema havionekani.

Dawa yake haihitaji bajeti mpya. Mchujo wa shule, kata na halmashauri ufanyike Agosti na Septemba, mpunga ukiwa umeshavunwa, uwanja mkavu, barabara inapitika. Wachaguliwe wa kidato cha kwanza hadi cha tatu, maana wa cha nne wana mtihani wao Novemba na mwaka unaofuata hawapo. Majina yakae kwa ofisa michezo mpaka kambi ya mkoa itakapoitwa Mei. Hapo unasafirisha wachache waliokwisha chaguliwa badala ya kuzihangaisha shule nzima kwenye tope, na wa Mlimba na Chita wanaweza hata kupanda treni ya TAZARA mpaka Ifakara, ikija kwa wakati (najua mnacheka).

Atakayepungua kiwango kati ya Septemba na Mei? Atapungua, na mwingine atachipuka Februari akiwa nje ya orodha. Basi mkoa uache nafasi mbili tatu wazi kwa kila mchezo. Kasoro hiyo naikubali kuliko ile ya kumwandikia "hakutokea" binti aliyelala juu ya Fuso.

Ifakara na Mlimba ni halmashauri mbili, lakini mvua yao ni moja. Maofisa michezo wao wanaweza kuanza Agosti hii bila kusubiri waraka kutoka Dodoma.