Gari lisibadilishwe kwa fasheni

Mfanyabiashara anayevusha samaki Mpondwe kwenda Kasindi haulizi kama taa za gari lake ni za mtindo mpya. Anauliza kama likimharibikia Bwera, kipuri kitapatikana Kasese kabla samaki hawajaoza.

Viwanda vingi hubadilisha muundo wa magari madogo kila miaka mitano hadi saba. Kwetu tunaonunua magari yaliyotumika Japani, kila badiliko huleta taa, bampa na vipuri visivyoingiliana na vya zamani. Toyota HiAce ya 1989 ilidumu miaka 15 kabla ya kuja muundo wa 2004. Ndiyo maana mafundi wetu waliizoea. Land Cruiser 70 ya 1984 inaundwa hadi leo, ikiboreshwa kidogo kidogo.

Hatusemi mabadiliko yakome. Breki imara na injini isiyokula mafuta mengi ni faida kwa kila mtu. Tena tangu 2018 Uganda imezuia kuingiza magari yaliyopita miaka 15, na Kenya huishia miaka minane. Hatuwezi kung'ang'ania ya kale daima.

Rai yetu: muundo mmoja ukae angalau miaka kumi, na vipuri viendelee kutengenezwa baada ya hapo. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Nchi wanachama ziwadai watengenezaji hayo kwa sauti moja. Nawe mnunuzi, kabla ya kulipa, muulize kwanza fundi wako.