Baiskeli ya kazini: Gia za ndani zafaa, kikwazo ni ufundi

Septemba 2025 jiji la Kigali liliandika historia kwa kuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ikiwa ni mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika katika ardhi ya Afrika. Macho ya wengi yalivutwa na baiskeli nyepesi zenye gia nyingi zilivyopanda vilima vya mji huo. Hata hivyo, mashindano hayo yameacha swali lenye uzito zaidi kwa mwananchi wa kawaida: je, baiskeli ya mashindano ndiyo mfano wa kuigwa na mtu anayetaka kufika kazini kila asubuhi?

Jibu, kwa sehemu kubwa, ni hapana. Mwanamashindano hufuatwa na gari lenye fundi na magurudumu ya akiba. Mfanyakazi wa mjini hana msafara. Baiskeli yake hulala uani, hupita katika vumbi la kiangazi na tope la masika, na ikiharibika njiani, hasara ni yake mwenyewe: kuchelewa kazini na kulipa nauli ambayo hakuipangia. Mtu wa namna hiyo hahitaji wepesi wa gramu chache. Anahitaji chombo kisichomsumbua. Hapo ndipo unapoonekana umuhimu wa gia za ndani, yaani zile zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, au habu kama wanavyoiita mafundi.

Katika gia za nje, mkono wa chuma unaoning'inia jirani na ardhi husukuma cheni iruke kutoka duara moja la meno hadi jingine. Katika gia za ndani cheni haihami kabisa. Ndani ya habu mna gurudumu dogo la meno lililokazwa kwenye ekseli, linalozungukwa na mengine madogo, nayo yote yamo ndani ya pete yenye meno. Mwendeshaji anapovuta waya kwa kidole, hubadilisha ni kipi kati ya vipande hivyo kitakachosukuma gurudumu.

Ufundi huu si mgeni. Habu ya gia tatu ya Sturmey-Archer iliingia sokoni mwaka 1902 kutoka mji wa Nottingham, Uingereza, chini ya Frank Bowden, mwenye kampuni ya Raleigh, ambayo baiskeli zake zilikuja kujulikana sana Afrika Mashariki. Aina yake iitwayo AW, iliyotoka mwaka 1936, ilitengenezwa kwa miongo mingi. Katika gia nyepesi ya habu hiyo, gurudumu huzunguka mara 3 kwa kila mizunguko 4 ya duara la meno linalovutwa na cheni. Katika gia nzito, huzunguka mara 4 kwa kila mizunguko 3. Ile ya kati haibadilishi kitu.

Faida zake kwa safari za mjini ni dhahiri. Kwanza, gia hubadilishwa hata baiskeli ikiwa imesimama. Anayelazimika kufunga breki ghafla kwenye taa za barabarani hushuka gia akiwa palepale, na taa zikiruhusu huondoka bila kukanyaga kwa taabu. Pili, vumbi na tope haviifikii mitambo kwa urahisi. Tatu, kwa kuwa cheni hukaa katika mstari mmoja, inaweza kufunikwa yote, nayo hudumu zaidi na haichafui suruali, kanzu wala khanga. Nne, spoki za pande mbili za gurudumu hukaribia kulingana kwa mvuto, jambo linaloliongezea nguvu ya kubeba mzigo.

Ndiyo maana Uholanzi, ambako baiskeli huachwa mvuani siku nzima nje ya vituo vya treni, gia za ndani ni jambo la kawaida. Japani nako, baiskeli nyingi za kwenda sokoni na kupeleka watoto shule zina gia tatu za aina hiyo.

Pamoja na hayo, sifa hizo zina gharama zake. Habu ya gia ni nzito kuliko ya kawaida na bei yake ni ya juu. Baadhi ya gia hupoteza asilimia chache za nguvu ya miguu. Gurudumu la nyuma likipata pancha, kulitoa kunachukua muda kwa sababu ya waya wa gia. Vilevile, gia tatu zinatosha katika miji tambarare, lakini katika vilima kama vya Kigali au Kampala huenda zisitoshe. Zipo habu zenye gia nyingi zaidi, kama ile ya Rohloff ya Ujerumani yenye gia 14, iliyoanza kuuzwa mwaka 1998, lakini bei yake haimlengi mfanyakazi wa kipato cha chini.

Kwa Afrika Mashariki, kikwazo kikubwa zaidi ni ufundi na vipuri. Miongoni mwa baiskeli za mitumba zinazotoka Japani zimo zenye gia za ndani, na mnunuzi huzipata bila kulipia bei ya kitu kipya. Lakini fundi asiyeijua habu hiyo hushawishika kuing'oa na kuweka ya kawaida, na mteja hupoteza kitu cha thamani bila kujua. Hatari nyingine ni marekebisho mabaya: katika habu ya AW, waya ukilegea au kukazwa kupita kiasi, pedeli zaweza kuzunguka bure ghafla na kumwangusha aliyesimama juu yake. Kuurekebisha waya huo ni kazi ya dakika chache kwa anayejua.

Bei ya petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita nchini Tanzania mwaka 2022, wengi walikumbushwa jinsi nauli inavyoweza kumeza kipato. Baiskeli inaweza kuwa sehemu ya jibu, lakini si kwa njia za baiskeli peke yake. Vyuo vya ufundi vikifundisha matengenezo ya habu hizi, na wauza vipuri wakileta nyaya na vipande vyake vidogo, mnunuzi atakuwa na sababu ya kuzichagua. Bila hivyo, chombo kilichobuniwa kupunguza matengenezo kitaendelea kutupwa kwa kukosa mtu wa kukitengeneza.