Haki ya Mja Haifutwi kwa Uradi

Mwezi wa Shaabani unapokaribia kwisha, Waislamu wa mwambao huanza kuombana radhi. Zamani mtu alitoka kwa miguu yake: akamwendea mjomba, akampitia shangazi, akabisha hodi kwa jirani waliyekorofishana naye juu ya mpaka wa kiwanja. Siku hizi huandikwa ujumbe mmoja katika simu, ukapambwa kwa mwezi mwandamo, ukarushwa kwa watu wote tunaowajua: tusameheane kwa yote tuliyokoseana. Anaupata tuliyeonana naye mara moja arusini, na anaupata fundi ambaye tangu mwaka juzi hatujamlipa ujira wake. Wote wawili wanasoma maneno yale yale. Kisha usiku tunakwenda kusali tarawehe na nyoyo nyepesi, tukidhani hesabu imefungwa.

Kwa yule fundi, hesabu haijafungwa. Ndugu Waislamu, hili ndilo ninalotaka tukumbushane: Mwenyezi Mungu ni Mwingi wa kusamehe, lakini dhuluma aliyofanyiwa mwenzako ina mwenyewe, na mlango wa kutokea humo unapita kwake.

Neno hili si langu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, yaani 1277 Miladia, ndiye mwenye Riyadhus Swalihin, kitabu kinachosomeshwa katika misikiti na madrasa zetu mwaka nenda mwaka rudi. Katika mlango wa toba ameeleza kwamba dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake ina masharti matatu: kuiacha, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Ikiwa dhambi hiyo inamgusa mwanadamu, linaongezeka sharti la nne: kujivua na haki ya mwenyewe. Kama ni mali, irudishwe. Kama ni kumsingizia, ajitoe kwake alipize au amsamehe. Kama ni kusengenya, aombwe radhi. Tulisomeshwa yote manne tangu utotoni. Matatu tumeyahifadhi, maana yanamalizika kwenye mswala. La nne tumelisahau, maana linataka tufungue mfuko, au tuinamishe kichwa mbele ya mtu tunayemdharau.

Atatokea msomaji aseme: mbona Qur'ani katika sura ya Zumar inawaita waja waliojidhulumu nafsi zao wasikate tamaa, kwa kuwa Mungu husamehe dhambi zote? Ni kweli, na ole wake anayemkatisha tamaa mja wa Mungu. Lakini tusisome aya moja tukafunga msahafu. Aya inayofuata hapo hapo inaamuru watu warejee kwa Mola wao na kujisalimisha kwake. Sasa niambie, anarejea kwa Mola vipi mtu ambaye shamba la yatima bado analilima na kodi ya nyumba yake bado anaikusanya?

Tupime jambo lenyewe kwa akili. Sala tuliyoiacha haikumpunguzia Mwenyezi Mungu kitu, na akitusamehe hakuna anayepata hasara. Mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake amepungukiwa. Watoto wake wamekosa ada ya shule, na minazi ya baba yao inaangusha nazi katika ua wa mwingine. Kama shemeji angefutiwa yote kwa uradi wa baada ya alfajiri, mjane huyo angekuwa amedhulumiwa mara mbili: mara ya kwanza na jamaa zake hapa duniani, na mara ya pili mbele ya Hakimu wa mahakimu. Mwenyezi Mungu ametakasika na hilo. Hata sheha wa shehia, ukimvunjia jirani yako ukuta ukaja kumlilia yeye, atakuuliza kwanza kama umekwisha kumwona mwenye ukuta.

Mtume Muhammad (s.a.w.) hakuliacha jambo hili lielee. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya Mid'am, mtumwa aliyekuwa akimhudumia Mtume. Baada ya Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, alipokuwa akiteremsha mizigo ya ngamia wa Mtume, mshale usiojulikana ulikotoka ulimpata akafa. Watu wakamtakia heri ya Pepo: amekufa safarini pamoja na Mtume, mikono ikiwa kazini. Mtume akakataa kwa kiapo, akaeleza kuwa shuka aliyoitwaa katika ngawira za Khaybar kabla ya mgao ilikuwa ikimwakia moto. Watu waliposikia hayo, mmoja wao akaja mbio na kamba za viatu alizozichukua, na Mtume akamjulisha kwamba hata hizo zingekuwa za moto.

Tuitazame habari hii vizuri. Kilichochukuliwa hakikuwa cha mtu mmoja. Kilikuwa mali ya jeshi zima, iliyokuwa haijagawanywa. Sisi leo tunaona mali ya umma ndiyo nyepesi kuila, kwa sababu haina mwenyewe wa kuja kugonga mlango. Dawa za zahanati, saruji ya shule, mfuko wa msikiti, kodi za nyumba za wakfu: mtu huchota, kisha mwisho wa mwaka akaenda umra kutubu. Ajiulize: aliyemwibia jirani ana mtu mmoja wa kumwomba radhi. Aliyeibia zahanati atamwendea nani, na wagonjwa wamekuja kwa mamia na kutawanyika? Mali ya wengi ndiyo nzito kuliko zote, maana wadai wake hawahesabiki.

Nenda sasa kwenye mazishi yetu. Tunayo desturi njema: kabla ya jeneza kuondoka, au pale makaburini, mtu wa familia husimama akatangaza kwamba anayemdai marehemu awaone warithi. Desturi hiyo ina asili yake. Mtume alikuwa akiletewa maiti huuliza kama ana deni, na yuko ambaye hakumsalia mpaka Abu Qatada alipolibeba deni lake. Naye shahidi, pamoja na daraja yake yote, amesamehewa kila kitu isipokuwa deni. Sisi tangazo tumelishika, utekelezaji tumeuacha. Mdai akija siku ya tatu anaambiwa asubiri arubaini ipite. Arubaini ikipita anaulizwa ana shahidi gani. Na katika muda huo huo ng'ombe amechinjwa na pilau imepikwa kwa fedha za marehemu, ambazo sehemu yake ni ya wadai na sehemu yake ni ya watoto wake wadogo. Sura ya Nisaa, inapogawa mirathi, inarudia tena na tena kwamba mgao ni baada ya wasia na deni. Na kabla tu ya aya hizo imewaonya wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma kuwa wanakula moto matumboni mwao. Waliohudhuria wanaitikia amina, na moto uko sahanini.

Wengine hujificha nyuma ya karatasi. Watasema kadhi amehukumu, korti imeamua, hati ina jina langu. Ummu Salama (r.a.) amesimulia kwamba Mtume mwenyewe alitahadharisha wanaomletea mashitaka: yeye ni binadamu, huhukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja wao akawa hodari wa kueleza kuliko mwenzake; basi atakayepewa haki ya ndugu yake amekatiwa kipande cha moto. Katika mapokezi ya Abu Daud, waliokuwa mbele yake ni watu wawili waliogombea mirathi ya zamani isiyo na ushahidi. Waliposikia maneno hayo walilia, kila mmoja akamwachia mwenzake haki yake. Ikiwa hukumu ya Mtume haigeuzi haramu kuwa halali kwa mwenye kujua ukweli wa nafsi yake, hukumu ya nani itageuza?

Turudi kwenye radhi za jumla. Katika kitabu chake cha Adhkar, Nawawi ameuliza: je, inatosha aliyesengenya kuomba asamehewe bila kutaja alichosema? Akataja kauli mbili za wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, madhehebu ya wengi wetu pwani, na iliyo dhahiri zaidi kwake ni kwamba lazima abainishe, kwa kuwa mtu huenda akasamehe dogo na asisamehe kubwa. Wako wanavyuoni wengine walioona kuwa maneno ya kusengenya yasiyomfikia mwenyewe yasichochewe upya, na kwamba imtoshe msengenyaji kumwombea dua mwenzake na kumtaja kwa wema pale pale alipomchafua. Hiyo ni hekima, inazuia fitina. Ila isiwe kichaka. Haikusemwa kwa ajili ya ujira, wala shamba, wala rambirambi zilizokusanywa na msikiti na zisimfikie mfiwa.

Na nyinyi mliodhulumiwa, mna neno lenu pia. Kusamehe kuna daraja kubwa. Abu Bakr (r.a.) alikuwa akimlisha jamaa yake Mistah, naye Mistah akashiriki kumsingizia Bibi Aisha. Abu Bakr akaapa kukata msaada wake. Iliposhuka aya ya sura ya Nuur ya kuhimiza kusamehe, aliurudisha msaada ule. Huo ndio ukubwa wa moyo. Lakini angalieni: Abu Bakr alisamehe naye ni mwenye nguvu, haki yake ikiwa imethibiti, na waliozusha uongo wamekwisha kuumbuliwa na Qur'ani. Haifanani na kile kikao cha wazee kinachomzunguka binti wa marehemu na kumwambia aache, yote ni ya Mungu, asiivunje familia. Msamaha wa kulazimishwa ni dhuluma iliyovishwa kanzu. Wazee wetu, mkitaka kusuluhisha, mwambieni kwanza aliyechukua arudishe, kisha mwombeni aliyenyang'anywa asamehe.

Anayetaka kutoka, njia ipo. Mwenye haki akiwa hai, mwendee. Akiwa amekufa, wape warithi wake. Ukiwa humjui wala huna pa kumpata, toa sadaka kwa niaba yake, nawe uwe tayari kulipa akitokea. Huna kitu? Omba muda, liandike deni, wajulishe watoto wako. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya kuandika madeni. Nawe unayedai, mpe muda aliye taabani, au umwachie ukipenda. Waswahili wamekwisha kusema, dawa ya deni kulipa.

Hadithi ya muflisi tumeisikia mpaka tumeizoea: mtu atakuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, naye alimtukana huyu, akamsingizia yule, akala mali ya mwingine, akamwaga damu ya mwingine. Watagawiwa mema yake mpaka yaishe, kisha atabebeshwa maovu yao. Siku hiyo hakuna dinari wala dirhamu. Basi, ndugu yangu, madhali deni lako leo linalipika kwa shilingi, lilipe kwa shilingi, usilingoje likalipwe kwa sala zako.