Ndege Ina Kadi, Mpagazi Hana Jina

Katika Jeshi la Anga la Uingereza, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ajali ya ndege haikupita hivi hivi. Ilikuwepo kadi maalumu, Fomu 1180, iliyojazwa hata pale ndege ya mabomu ilipopata ajali ingali ardhini na pasiumie mtu. Kadi hizo zimehifadhiwa London hadi leo. Mtafiti atakaye kujua rubani fulani alifunzwa wapi na ndege yake iliharibika lini, aghalabu hapati taabu.

Mfano tunao hapa Nairobi. Roald Dahl, ambaye baadaye alisifika kwa hadithi za watoto, alitoka Dar es Salaam mwaka 1939 akaja kujiandikisha katika jeshi hilo mjini humu, na hapa ndipo alipojifunza urubani. Twajua kwamba aliruka peke yake baada ya mafunzo ya saa 7 na dakika 40. Twajua pia kwamba tarehe 19 Septemba 1940 alianguka na ndege yake katika jangwa la Afrika Kaskazini.

Utaratibu huo siulaumu, nausifu. Swali langu ni hili: mbona wino uliotosha kueleza ajali ya ndege haukutosha kuandika jina la mpagazi aliyekufa?

Msomaji na asimame mbele ya sanamu za askari katika barabara ya Kenyatta. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawaahidi waliopigana katika Vita vya Kwanza kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Lakini hapo penye ahadi ya majina hapana jina hata moja! Ukienda upande wa magharibi, katika makaburi ya vita ya barabara ya Ngong yaliyofunguliwa mwaka 1941, utayakuta majina ya waliokufa katika vita vilivyofuata, Waafrika wakiwamo. Kwa hiyo kuandika jina la Mwafrika kuliwezekana. Kilichokosekana mwanzoni ni nia.

Hayo si maneno yangu tu. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa.

Yamkini atatokea wa kusema kwamba ndege ilikuwa mali ya serikali, na mali huhesabiwa. Ni kweli, wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini mpagazi naye alikuwa mtu wa kulipwa ujira, na mtu wa kulipwa huandikwa. Aliandikwa alipohitajika, akasahauliwa alipokufa. Lugha peke yake ndiyo iliyomhifadhi: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zote zimezaliwa na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi.

Faraja ipo. Tume hiyo, ikishirikiana na Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, imepata katika hifadhi za jeshi nyaraka za kikoloni zenye habari za wanajeshi zaidi ya 3,000. Hapa ndipo sisi walimu wa lugha tunapohitajika. Karani mgeni aliandika jina la Mwafrika kwa kadiri ya sikio lake. Mutua huweza kuwa Mtua, na Wafula akawa Wafulla. Mtu mmoja huonekana wawili, na wawili wakaonekana mmoja. Kuyapatanisha majina hayo ni kazi ya anayejua sauti za Kikamba, Kibukusu, Kijaluo na nyinginezo.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu wa Kiswahili na historia: wapeni wanafunzi kazi moja muhula huu. Kila mmoja na awaulize wazee wa ukoo ni nani aliyekwenda vitani, aliitwa nani kwa ukamilifu, alitoka kijiji gani, na kama alirudi. Majibu yaandikwe kama wazee wanavyotamka, kisha nakala ihifadhiwe shuleni na nyingine ipelekwe Makavazi ya Kitaifa, ambayo hayako mbali na sanamu zile. Ahadi iliyoandikwa pale iliwataja wana. Wana hao ni sisi, na deni lingali shingoni mwetu.