Mafuta yatoshe, au tutoshe mafuta?

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, mvua ikiwa imepumzika kidogo, nilikaribia kuharibu freni za gari la baba yangu kwa kutumia Kiswahili sanifu. Sikuwa nimeshika spana wala bisibisi. Nilisoma sentensi moja tu, kwa sauti, na kwa matamshi ambayo mwalimu wangu wa fonetiki angeyasifu.

Ninaandika "freni" makusudi. Najua kamusi zinasema "breki". Lakini mimi ni mtoto wa Katuba, na hapa Lubumbashi anayesema breki ametoka Tanzania au ametoka kwenye kitivo chetu.

Gari lenyewe ni la zamani, la usukani wa kushoto, lililofika kutoka Ubelgiji likiwa limekwisha kuzeeka. Ndilo linalobeba bidhaa za mama kwenda soko la Kenya, na mara mbili kwa mwezi baba hulichukua kwenda Likasi, kilomita kama 120, katikati ya malori yaliyojaa madini. Mnamo Desemba taa ya manjano yenye herufi ABS iliwaka mbele ya usukani na haikuzimika tena. Baba alilipeleka kwa fundi wa mtaani kwetu, ambaye sisi wote tunamwita Yaya. Yaya alisikiliza, alizunguka gari, akasema: "Freni iko. Bongo ya ABS ndiyo imekufa." Baba alirudi nyumbani akamwambia mama: "Freni imekufa."

Kutoka sentensi ya kwanza hadi ya pili ni dakika kumi za kutembea. Zilitugharimu wiki tatu. Gari lilikaa ndani ya lupango, mama akawa analipa pikipiki asubuhi na jioni, magunia yakiwa mgongoni mwa dereva kama mtoto. Jirani yetu alipata taa hiyohiyo na akafanya kinyume: alimwomba kijana mmoja aitoe ampulu, taa ikafa, naye akaendelea na safari zake kwa amani. Mmoja aliogopa zaidi ya ilivyopaswa, mwingine hakuogopa kabisa, na wote wawili walikosa jambo moja dogo: maneno ya kutenganisha freni na kile kinachoisimamia freni.

Jambo lenyewe si gumu kueleza. Ukikanyaga freni kwa nguvu penye maji, gurudumu linaweza kusimama kabisa huku gari likiendelea kuteleza, na gurudumu lililosimama halifuati usukani. ABS inapima mwendo wa kila gurudumu kwa kihisio chake. Ikiona moja linataka kusimama kabla ya mengine, inafungua na kufunga vali mara nyingi kwa sekunde ili gurudumu liendelee kuzunguka. Faida yake kubwa ni kwamba unaweza bado kukwepa mtu. Kwenye changarawe au udongo uliolegea inaweza hata kuongeza umbali wa kusimama, na hilo madereva wa njia zetu za vumbi wanalijua kwa miguu yao. Ikifa yenyewe, na taa ya manjano ikiwaka peke yake, kwa kawaida freni ya mguu inabaki kama ilivyokuwa kabla ya mwaka 1978, ABS ya kielektroniki ya Bosch ilipoanza kuwekwa kwenye Mercedes-Benz za S-Class. Taa nyekundu ya freni ikiwaka pamoja na ya manjano, hapo simama, usiende popote.

Kwa sisi watu wa isimu kuna utamu mdogo katika herufi zile tatu. Zinatokana na Kijerumani, Antiblockiersystem. Waingereza na Wafaransa walizikuta tayari, kila mmoja akazitafutia maneno yake. Yaya hakutafuta. Aliita sehemu ya elektroniki "bongo", akamaliza. Vitabu vya istilahi vingependelea "moduli ya udhibiti", maneno ambayo mama yangu angeyasikiliza kwa heshima bila kuyaelewa. "Bongo" aliielewa mara moja; aliuliza tu kama inaweza kupona.

Haikuweza. Kijana mwenye kompyuta alikuja kuchomeka waya wake, na kompyuta ikaandika namba 65535. Namba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zinazoweza kuandikwa kwa biti 16. Katika gari letu maana yake ni kwamba bongo inajishtaki yenyewe. Kabla ya kuiamini Yaya alipima vihisio vya magurudumu yote manne, fyuzi, na waya unaorudisha umeme kwenye bodi, kwa sababu mara nyingi taa ile huwashwa na waya uliokatwa na matope, na watu hununua bongo mpya bure. Vyote vilikuwa vizima. Binamu yangu wa Brussels alipata kipande kilichotumika, chenye namba ileile ya kiwandani, tarakimu kwa tarakimu, akakituma kwa msafiri.

Hapo ndipo nilipoingizwa mimi. Maelezo ya kazi yalikuwa kwa Kiingereza, na baba alisema: "Si uko unasomea lugha?" Nikakaa usiku mmoja nikatafsiri kurasa mbili kwa mkono. Nilijivunia. Kiingereza kinasema freni hutolewa damu, Kifaransa kinasema hupewa dawa ya kusafisha tumbo. Mimi niliandika kwa utulivu "kuondoa hewa". Kule kwa Yaya ni "kutosha mupepo", lakini usiku ule sikumkumbuka Yaya. Nilikuwa nikiandika kwa ajili ya mwalimu.

Kazi ilianza vizuri. Kwenye gari letu bongo imefungwa kwa skrubu ubavuni mwa bloku ya chuma inayopita mafuta, na inaweza kutolewa peke yake bila kufungua bomba hata moja. Si magari yote yako hivyo. Kwenye mengine bongo na bloku ni kitu kimoja. Mabomba yote hufunguliwa, hewa huingia, na kuitoa mara nyingi kunahitaji mashine ya kuziendesha vali. Kazi ya namna hiyo nisingekubali ifanyike kwetu chini ya mwembe, na namwomba msomaji mwenye gari la namna hiyo asikubali pia. Sisi tuliandika kwanza kodi iliyokuwa ndani ya bongo ya zamani, maana mpya lazima iambiwe iko kwenye gari gani. Tukatenga batri. Yaya akapiga brashi kavu pande zote ili mchanga usiingie, akafungua soketi kubwa, akatoa skrubu, akaivuta bongo moja kwa moja bila kuipinda, kwa sababu koili zake zimevikwa juu ya vali kama kofia. Ndani palikuwa pakavu. Mpya ikaingia.

Kisha nikasoma mstari wa mwisho wa tafsiri yangu: "Mafuta ya freni yatoshe, ndipo mfunge kifuniko."

Yaya alichukua bomba kubwa la sindano, akalitumbukiza kwenye chombo cha mafuta ya freni, akavuta. Akamwaga ndani ya chupa iliyokatwa. Akavuta tena. Akauliza: "Yote?" Nami, macho kwenye karatasi, nikajibu: "Ndiyo, yatoshe kabisa."

Baba alikuwa amekaa ndani ya gari, mguu juu ya pedali, akisubiri kuambiwa akanyage.

Wenzangu wanaotoka Bukavu au Goma, au wasiomfahamu Yaya, nawaeleza. Huku kwetu kutosha ni kutoa. Tosha viatu. Tosha gari mu lupango. Na si kosa la watu wasiosoma: ni kanuni ileile ya waka na washa, anguka na angusha. Toka, tosha. Sanifu ndiyo iliyoiacha kanuni hapa, ikachukua "kutoa", na kuibakiza "kutosha" kwa maana ya kuwa na kiasi kinachofaa. Nikasema "yatoshe". Kwangu ya- ilikuwa kiima, mafuta yawe ya kutosha. Kwa Yaya ya- ilikuwa yambwa, kama katika "yalete" au "yamwage": mafuta, yatoe. Neno moja, mofimu zilezile kwa mpangilio uleule, na maana mbili zinazopingana. Kama ningeletewa mfano huo kwenye mtihani wa mofolojia ningepata alama zote.

Nilipoinua macho chupa ilikuwa imepokea mara tatu. Nikapiga kelele. Baba akaondoa mguu. Angekanyaga mara kadhaa chombo kikiwa kitupu, hewa ingeingia kwenye mabomba ambayo hatukuyafungua kwa makusudi ili isiingie. Mafuta hayabanwi, hewa hubanwa. Pedali ingeshuka hadi sakafuni, na hewa iliyojificha ndani ya bloku tusingekuwa na mashine ya kuitoa. Tulinunua chupa mpya, ya aina iliyoandikwa juu ya kifuniko. Yale ya kwenye sindano hatukuyarudisha, maana mafuta ya freni yakikaa wazi hunywa unyevu wa hewa. Baba hakugomba. Alisema tu, polepole, kwamba bora ningeisoma kwa Kiingereza, wote tungekosa kuelewa na hakuna ambaye angefanya kitu.

Nimelifikiria neno hilo tangu siku ile, na sikubaliani nalo, ingawa aliyelisema ni baba. Nakubali kosa langu. Siku zote nyumbani nasema kutosha kwa maana ya Yaya. Sikukijua Kiswahili cha mtaa wangu kidogo. Nilikivua kama koti langoni mwa kitivo miaka minne iliyopita, na usiku ule wa kutafsiri sikukumbuka kukivaa tena. Wengi wetu tunafanya hivyo. Tunaandika memwari juu ya istilahi za sayansi tukiwa maktabani, tunachukua orodha zilizotungwa mbali, tunazisifu au tunazipunguza, na mtu anayefungua kapo kila asubuhi hatumwulizi. Nilipopendekeza mada juu ya Kiswahili cha magaraji, mwalimu mmoja ambaye namheshimu aliniambia kwamba pale hakuna Kiswahili, kuna Kifaransa kilichovunjika. Kwa heshima, Mwalimu, nimekaa pale. Nimesikia kitenzi "kupurje" kikikataa kubadili irabu yake ya mwisho katika ukanushi, "hapurje", sawasawa na "hasamehe". Kifaransa hakina kanuni hiyo. Ni Kiswahili kinachomeza na kusaga.

Kuna hoja yake nyingine yenye uzito zaidi: kila mji ukiandika kwa mtindo wake, kitabu cha Lubumbashi hakitasomwa Kigoma. Ni kweli, na mimi sitaki makala hii isisomwe Kigoma. Ndiyo maana naiandika hivi. Wala sitaki tuabudu lugha ya garaji. Ni lugha hiyohiyo iliyomfanya baba asikie "freni imekufa", kwa sababu freni ndani yake ni pedali, ni bloku, ni bongo, ni taa, vyote. Nilimwuliza Yaya baadaye tungetenganisha vipi. Alifikiri huku akifuta mikono, akasema: "Kuna freni ya muguu na freni ya bongo. Taa ya manjano, muguu iko muzima." Sijasoma popote maelezo mafupi kuliko hayo, na yangetosha, kwa maana zote mbili, kututosha kwenye wiki tatu za pikipiki.

Ninachoomba ni kidogo. Tukisanye kwanza kile kinachosemwa, ndipo tupendekeze. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Sioni kwa nini lugha ya taifa isijulikane na kitivo chake pale inaposhika maisha ya watu. Mwaka 1965 André Yav na wenzake waliowahi kufanya kazi za nyumbani kwa Wazungu waliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili chao, wakaiita Vocabulaire de ville de Elisabethville. Hawakusubiri ruhusa ya kitivo. Jina lao ni msamiati ingawa ndani mna historia; msamiati wenyewe, wa freni, wa umeme wa nyumbani, wa dawa za wadudu, bado hatujauandika. Na kila ingizo ambalo sanifu na mtaa vinapingana liwekewe alama nyekundu. Langu la kwanza ni kutosha.

Kesho yake, Jumapili kabla ya misa, tulilipeleka gari kwenye uwanja wa mpira uliolowa. Taa ilikuwa imezimika. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa baba alikanyaga kwa nguvu, pedali ikatetemeka chini ya mguu wake, akashtuka akaiachia na kusema imeharibika tena. Haikuharibika, ndivyo inavyofanya kazi. Yaya alicheka, akamwambia: "Acha ilie. Bongo inaongea na muguu." Nikaiandika hiyo pia. Daftari lina maneno 43 mpaka sasa, na Yaya yuko kazini kila siku isipokuwa Jumapili, kuanzia saa mbili asubuhi. Anayetaka kuja aje na kiti chake.