Kujaza Maji si Kutengeneza

Katika nchi za baridi kama Uingereza, nyumba nyingi hupashwa joto kwa maji. Boila huyapasha moto, na pampu huyazungusha katika mabomba na rejeta za chuma zilizotundikwa ukutani, kisha hurejea yalikotoka. Mzunguko huo umefungwa. Maji yaliyomo hayapasi kupungua. Yakiwa baridi, geji husoma baa 1 hadi 1.5. Ikishuka mno, boila nyingi hujizima.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu huko, boila ya nyumba tuliyopanga ilikuwa na ugonjwa wa kupoteza kanieneo, au presha kama mafundi wasemavyo. Kila asubuhi geji ilikaribia sifuri. Kila asubuhi nilifungua koki, nikaongeza maji, nikaenda zangu maktaba nikijiona nimelimaliza tatizo. Nilifanya hivyo kwa majuma mengi, ilhali kanuni ya Boyle niliijua kwa moyo tangu shule ya sekondari.

Fundi aliyekuja hakuanza kwa kufungua kitu. Aliuliza: "Geji husoma ngapi boila ikiwa moto?" Sikuwa na jibu, maana sikuwahi kuitazama ila asubuhi.

Swali hilo lilibeba fizikia yote. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 10 hadi 80 za Selsiasi, ujazo wake huongezeka kwa karibu asilimia 3. Lita 100 huhitaji nafasi ya lita 3 zaidi. Kwa kuwa maji hayashindiliki kwa urahisi, hewa ndiyo huyapa nafasi. Mna tangi dogo lililogawanywa kwa kiwambo cha mpira: upande mmoja maji, upande wa pili hewa au naitrojeni. Hewa hiyo ikivuja, maji yanayotanuka hukosa pa kwenda. Kanieneo hupanda hadi baa 3, vali ya usalama hufunguka, na maji humwagika nje kupitia bomba dogo ambalo watu hawalitazami. Usiku maji hupoa na kusinyaa, nayo geji huanguka. Kumbe nilipoongeza maji nilikuwa naandaa mmwagiko wa siku iliyofuata! Isitoshe, maji mapya huingia na oksijeni, ambayo hula chuma cha rejeta na mwishowe kuacha tope jeusi mabombani.

Na kama geji haipandi kupita kiasi? Basi huenda maji yanavuja penginepo. Boila huzimwa, vali zinazoitenga na mabomba hufungwa, na vyote huachwa usiku kucha. Geji ikishuka, uvujaji umo upande wa boila. Isiposhuka, umo mabombani, na karatasi kavu chini ya kila kiungo itaufichua. Hapo ndipo mwenye nyumba akomee. Kwa kanuni za Uingereza za mwaka 1998, vifaa vya gesi hushughulikiwa na fundi aliyesajiliwa, kwa kuwa kaboni monoksidi haina harufu, nayo huua.

Walimu wenzangu, boila hizo hatunazo, lakini ugonjwa ule tunao. Dereva anayejaza maji katika rejeta ya gari kila alfajiri bila kuuliza yanakwenda wapi ni ndugu yangu wa damu. Nasi twamlea darasani: twampa mwanafunzi swali lenye tarakimu zote, akokotoe, apate alama. Hatumpi kifaa kibovu na kumwambia, "Tafuta kasoro, nawe uandike ulivyoitafuta."

Napendekeza kila muhula mwalimu aharibu kifaa kimoja kwa makusudi: waya uliokatika ndani ya ganda lake, pampu ya baiskeli yenye washa iliyopasuka. Wanafunzi waandike vipimo kila saa, wagawe mfumo nusu kwa nusu, na kila dhana waijaribu kabla ya kugusa bisibisi.

Wako watakaosema kwamba mtihani hauulizi mambo hayo na vifaa ni haba. Kuhusu vifaa, vibovu havijapata kuwa haba katika shule yoyote niliyoitembelea. Kuhusu mtihani, nauliza: tunamsomesha kijana ili aitaje kanuni, au ili siku geji ikishuka ajue la kuuliza? Mimi nilikuwa na shahada mbili nilipofundishwa swali hilo na fundi. Wanafunzi wetu wasingoje hadi hapo.