Acheni Dunda ishangilie

JIONI ya mechi pale Dunda, Bagamoyo, kibanda umiza hakianzi na mpira. Kinaanza na taarifa ya habari. Mwenye kibanda anawasha televisheni mapema ili watu waingie, na kabla vikosi havijatangazwa wameshaona wakimbizi wa Sudan, wameshaona mashariki mwa Kongo, wameshaona vifusi vya Gaza. Wavuvi waliotoka soko la samaki, magamba bado mikononi, wanatikisa vichwa. "Dunia imeisha hii," mmoja anasema, na wenzake wanaitikia.

Kisha refa anapuliza filimbi. Bao likiingia, kelele zinafika hadi kwa mama lishe wa barabara ya pili.

Wapo ambao kelele zile zinawaudhi. Kijiweni hakosekani mzee wa kuuliza: watu wanakufa huko, ninyi mnarukaruka kwa ajili ya goli? Mzee huyo hana ubaya, ana huruma, na vijana wasimkejeli. Ila hapo kakosea.

Kakosea kwa sababu wenye msiba wenyewe wanacheza, na wakifunga wanashangilia. Tazama Sudan. Vita ilianza Aprili 15, 2023, ligi yao ikasimama, Al Hilal ya Omdurman ikawa timu ya kuhamahama. Kuna msimu ilitumia Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, kama nyumbani kwake kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, msimu uliofuata ikaenda kucheza ligi ya Mauritania. Hebu fikiria Simba au Yanga inacheza ligi ya watu, na nyumbani risasi zinalia!

Agosti 2025 Wasudan hao walikuja kwenye CHAN, wakapangwa Zanzibar, ng'ambo tu ya maji kutoka Dunda. Agosti 12 waliipiga Nigeria 4-0 pale Amaan. Nne, tena Nigeria. Siku kumi baadaye Taifa Stars ikafungwa 1-0 na Morocco kwa Mkapa, robo fainali, Ijumaa ile ambayo hakuna anayetaka kukumbushwa. Kesho yake Sudan ikaitoa Algeria kwa penalti. Shabiki wa hapa aliyelala na kinyongo alipata cha kuchekea Jumamosi, na alikipata kwa watu wenye shida kumzidi mara mia. Nani angethubutu kuwafuata wale vijana awaambie watulie kwa sababu nyumbani kwao kuna vita? Jumanne Madagascar ikawatoa kwa bao moja la muda wa nyongeza, hadithi ikaishia hapo. Siku zile chache hakuna anayeweza kuwanyang'anya.

Wakongo nao. Februari 7, 2024, nusu fainali ya AFCON dhidi ya Ivory Coast, wimbo wa taifa ukipigwa wachezaji walifunika midomo kwa mkono mmoja, mwingine wakaunyoosha vidole kichwani mithili ya bastola. Dunia nzima ikaelewa wanasemea mauaji ya mashariki mwa nchi yao. Wimbo ulipokwisha walikimbilia mpira kama kawaida, wakautafuta ushindi dakika 90, wakafungwa 1-0. Msiba na mpira vilikaa kwenye uwanja mmoja, na hakuna aliyeona ajabu.

Kama kuna kitu kinachoua furaha ya kibandani, basi siyo taarifa ya habari. Ni mkeka. Siku hizi timu ya mtu inafunga, yeye ameinamia simu, ananuna, kwa sababu aliweka 'under'. Goli lake mwenyewe linamtia huzuni! Huyo ndiye mzee wa kijiweni angemkalisha chini, amwache kijana aliyelipa kiingilio chake, akamwonea huruma Msudan saa mbili usiku na akamrukia jirani yake saa tatu.

Mpira ukiisha, wabishi wanatoka na ubishi wao wa offside hadi karibu na mashua, maana wengine alfajiri wanaingia baharini. Mwenye kibanda hana tatizo na kelele. Anachoomba watu wasishangilie wamesimama juu ya mabenchi, na atakayevunja alipe.